Uma Wenye Uzi Mwekundu

RISALA YA WAZAZI WA SHULE YA MSINGI YA MIFEREJI, JERICHO, NOVEMBA 1981

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkaguzi wa Shule, karibu Jericho, karibu Mifereji. Umekuja kumuaga Mwalimu Dishon, anayestaafu baada ya kutufundishia watoto kwa miaka kumi na tisa. Tumefurahi kukuona, ingawa furaha yetu leo ina doa. Na kabla hatujafika mbali tuna ombi dogo. Mezani, mkono wako wa kulia, kuna uma uliofungwa uzi mwekundu. Tafadhali usile nao.

Utaona pia kwamba ratiba inasema wimbo wa watoto utangulie risala. Tumegeuza mpangilio kwa makusudi, na sababu utaisikia.

HISTORIA

Mwaka wa 1971 Mwalimu Dishon aliandikia kamati barua akiomba uma mmoja wa muziki, kile chuma kinachogongwa ili waimbaji wapate sauti ya kuanzia. Wake ulikuwa umepotea. Mwenyekiti wetu, Mzee Bedan, aliisoma barua mara mbili, akaenda sokoni, akarudi na uma kumi na mbili za mezani. Akamkabidhi mbele ya shule nzima, tukapiga makofi.

Mwalimu alizipokea kwa mikono miwili. Angeweza kumwaibisha mzee wa watu pale pale. Alisema tu, "Asante, Mwenyekiti. Niliomba mmoja, umeniongezea kumi na moja."

Jioni ile alizining'iniza kwa uzi mwekundu dirishani, akazigonga moja moja, akachagua mmoja uliolia vizuri. Tangu siku hiyo aliugonga, akausogeza sikioni, akatoa sauti, na darasa likaipokea. Watoto walimcheka mwanzoni. "Ticha, hiyo uma ni ya kula nini?" Akawajibu, "Ni ya kula kelele zenu."

MAFANIKIO

Mwaka wa 1976 watoto wetu walishika nafasi ya tatu katika mashindano ya muziki ya shule za jiji. Kikombe kiko ofisini kwa mwalimu mkuu, kina kalamu ndani yake.

Lakini fanikio tunalolikumbuka zaidi halina kikombe. Jawahir, binti wa Mama Ambaro, aliingia darasa la pili akijua Kisomali peke yake, akakaa wiki tatu bila kufungua mdomo. Mwalimu Dishon akatunga wimbo wa majina ya watoto wote wa darasa lile, akalitia na la Jawahir. Mama Ambaro alikuja shuleni asubuhi moja, akisitasita mlangoni. "Mwalimu," akasema, "huyu mtoto jana ameniimbia rafiki zake wote. Mimi nilidhani hana hata mmoja."

MATATIZO

Mgeni rasmi, kwa desturi hapa ndipo tungekuelezea mabati yanayovuja. Yanavuja kweli. Tatizo letu kubwa, hata hivyo, tulilileta wenyewe.

Januari 1979 matokeo ya darasa la saba yalikuwa mabaya. Tulikutana hapa hapa, tumekasirika. Katibu wetu, Mirriam Wacera, alisimama akauliza, "Mtoto wangu ataimba mpaka aandikwe kazi? Hiyo kuimba inampeleka wapi?" Tulimshangilia. Tukaandika barua kwamba vipindi vyote vya muziki vipewe hesabu, na Mwalimu Dishon mwenyewe azifundishe. Saini ya kwanza ni ya katibu. Zetu zinafuata, hakuna aliyekosa.

Mwalimu hakubishana. Alisema, "Basi nipeni chaki," akaenda darasani. Alama za hesabu zilipanda mwaka mmoja, kisha zikarudi zilipokuwa.

Mwaka jana katibu alifiwa na mama yake. Binti yake Warigia na wenzake wa darasa walitakiwa wamwimbie nyanya kaburini, wimbo ambao kila mtoto anaujua. Kila mmoja alianza kwa sauti yake. Walifika katikati wakapotezana, wakanyamaza, wawili wakacheka kwa aibu. Udongo ukarudishwa bila wimbo. Katibu alijaribu kuuanza yeye, hakuipata sauti ya kuanzia.

Mwalimu Dishon alikuwa nyuma, karibu na ua. Katibu alimwona akitia mkono mfukoni haraka, kama mtu aliyezoea, kisha akautoa mtupu. Anasema kilio cha siku ile alikizoea baada ya miezi michache, lakini mkono ule bado anauona. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka haya yaandikwe, na ndiye aliyetaka ayasome.

Wiki iliyopita katibu aliupata uma ule katika kabati la stoo, ndani ya boksi la chaki. Uzi ulikuwa ungali juu yake.

MAOMBI

Tunaomba vipindi vya muziki virudishwe, hata kama ni nusu saa ya Alhamisi. Tunaomba pia Mwalimu Dishon aruhusiwe kubaki mihula miwili amfundishe Bi. Nthoki wa darasa la tatu, ambaye ana sikio la muziki na ana hamu. Hapa Mifereji hakuna mwingine anayeijua kazi hii. Akiondoka leo, imeondoka naye.

Hayo mawili yako mikononi mwako. Lakini hatujamuuliza Mwalimu kama anataka kubaki, wala hatujawahi kumwomba radhi. Ameketi safu ya tatu, karibu na dirisha.

Mwalimu, tulikosea. Tulikunyang'anya kazi yako tukakuacha uje kazini kila siku. Tunaomba utusamehe.

Mgeni rasmi, tunakuomba uuchukue uma huo umpelekee, maana sisi tunaona haya. Watoto wameshasimama. Akiugonga, wataanza. Asipougonga, tutakaa kimya dakika nne zilizotengewa wimbo, kisha tutakaribisha chakula.

Mungu akufikishe nyumbani salama, aibariki kazi yako na walimu wote wa jiji hili. Na ampe Mwalimu Dishon uzee mwema, hata akitukatalia.

Ni sisi,
Wazazi wa Shule ya Msingi ya Mifereji, Jericho

Imesomwa na Katibu, Mirriam Wacera