Ng'ombe wa Diwani Benedikta

Kijiwe cha Manyamanyama kina benchi moja, birika moja la kahawa na midomo isiyojua likizo. Asubuhi hiyo Abednego wa bodaboda, anayeitwa Breki kwa kuwa hana haraka na lolote, alifika akiwa na ombi moyoni. Dada yake, Diwani Benedikta, alikuwa amesema mkutanoni kwamba hata ng'ombe wakifika lamboni husubiriana, basi na watu wasubiriane kisimani. Ukurasa mmoja wa habari ukaandika: DIWANI: NG'OMBE WANA AKILI KULIKO WANANCHI. Tangu hapo simu za watu, kuanzia Bunda hadi Musoma, zimejaa ng'ombe waliovaa tai, ng'ombe wanaohutubia, ng'ombe wanaopiga kura. Benedikta kajifungia ndani, hata uji hataki. Breki alitaka kuwaomba wenzake waache kusambaza picha zile. Akaona aibu, akaagiza kahawa.

Hezron muuza vocha, jina la kijiweni Bando, alikuwa ameshaanza.

— Moooo! Oneni ya leo, ng'ombe kavaa miwani! Mimi hata mlio wa simu nimeweka huo huo.

— Lakini Bando, kwa nini watu wanachekaga hivi? — Breki aliuliza taratibu. — Si wangesoma kwanza alichosema?

— Kusoma na bando gani? Kichwa cha habari unakiona bure, habari yenyewe inakula emubii za bando. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hapo haba inaingiaje?

— Inaingia tu.

Gati, mwenye birika, alimimina kahawa akitikisa kichwa.

— Mimi naona watu wamechoka. Mkubwa humpati, ukimpigia hapokei. Sasa akiandikwa vibaya, angalau unamcheka. Kucheka hakuna foleni.

Maneno hayo yalimchoma Breki, maana yalikuwa ya kweli. Ila dada yake simu alikuwa anapokea, hata za usiku. Alifungua mdomo aseme, Makongoro akamuwahi. Huyu wanamwita Mzee wa Mnada, ameuza ng'ombe tangu ujana.

— Nyie hamjui kitu. Kosa la diwani ni moja: ng'ombe hawasubirianagi! Dume langu likiona maji linapiga pembe hata mama yake. Wafugaji wa Butiama wamesoma pale, wakaona huyu hajawahi kuchunga.

— Amechunga, — alisema Breki. — Mimi na yeye tulikuwaga tunachunga wote.

— Basi alichunga mbuzi! Na mwandishi wa kile kichwa mimi namjua. Ni mwizi wa mifugo.

— Toka hapa!

— Sikia, Bando. Watu wangapi wametuma picha za ng'ombe wao wakitania? Na zizi linaonekana nyuma! Mwizi amekaa zake anachagua. Mchelea mwana kulia hulia yeye!

Benchi zima likaangua kicheko, na Breki naye akacheka, huku roho inamuuma.

Ndipo akafika Marcelina, jirani yao. Kanga yake imelowa matope, mkono mmoja kaufunga kwa kitambaa, ndoo aliyobeba ni tupu na imepasuka.

— Breki, dada yako anaumwa?

— Yupo tu, mama.

— Mbona kisimani haji? Alikuwaga anatupanga foleni kila asubuhi, wazee na wajawazito mbele. Jana alitokeza kidogo, vijana wakamlilia moo, akarudi. Leo tumesukumana, mimi nimeangushwa. Sasa nani atatupanga?

Gati akainamisha birika juu ya kikombe cha Mzee wa Mnada, likatoa tone moja.

— Kahawa imekwisha, — alisema. — Na maji ya kupikia nyingine ni hayo hayo ya kisimani.

Breki alisimama, akapokea ile ndoo iliyopasuka. Ombi lake lilikuwa bado kooni, na sasa hakuona haja ya kubembeleza.

— Jamani, futeni zile picha. Ni dada yangu.

Kabla mtu hajajibu, simu ya Bando ikalia moooo. Aliipapasa mfukoni, ikazidi kulia, hakuna aliyecheka.

— Si upokee? — alisema Gati. — Nani huyo?

Bando alitazama kioo cha simu.

— Mke wangu. Yuko kisimani.