Mtamba Ambaye Monica Alimpeleka Dirma

Usiku wa tarehe 3 Juni 2025 tulikaa na simu mezani hapa Gendabi, kila mtu akiogopa kuishika. Saa kumi alfajiri Hilary alipiga kutoka hospitali. Mama yake, Monica Marko Sulle, alikuwa ametutoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 hapa Gendabi, mtoto wa kwanza wa Mzee Marko Sulle. Mimi Sara, ninayesoma wasifu huu, ndiye niliyemfuata. Yeye alimaliza darasa la saba mwaka 1986, mimi niliishia la nne. Wivu wangu ulianzia hapo.

Alifunga ndoa na Clement mwaka 1992. Mimi niliolewa Dirma.

Alikuwa mkulima na mfugaji. Mwaka 2009 aliacha kuchunga, akajenga banda, akafuga ng'ombe chotara na kuwakatia majani. Wageni walikuja kumpiga picha. Mama yetu, kila nilipomwamkia, alijibu, "Marahaba. Umeliona banda la dada yako?"

Mwaka 2012 alinipa mtamba nimfugie, kama ndugu tunavyofanya: ng'ombe wake, maziwa yangu. Akanionya, "Mdogo wangu, Dirma siyo Gendabi. Kwenu kupe ni wengi. Usimtoe nje."

Nikamjibu, "Ng'ombe gani anafichwa ndani kama bibi harusi?"

Nilimtoa pamoja na ng'ombe wetu wa kienyeji. Wiki ya tatu akafa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Wale wa kienyeji hata mmoja hakuugua. Nikatangaza kwa majirani kwamba dada alinipa mgonjwa makusudi. Haikuwa kweli. Alipokuja kunipa pole nilifunga mlango, nikamchungulia dirishani akisimama juani mpaka akaondoka. Miaka kumi na mitatu hatukutembeleana.

Tangu Novemba 2023 aliugua figo, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa. Ameacha mume, watoto wawili, Hilary na Scolastica, wajukuu watano, na mimi.

Mwezi Mei nilikuja kubisha hodi kwake.

"Nani?" aliuliza kutoka kitandani.

"Shikamoo dada. Ni Sara."

"Marahaba. Baba Hilary, mwache asimame kidogo, aone nje kulivyo."

Nilisimama juani, nikijua ni haki yangu. Kisha nikamsikia akicheka mpaka akakohoa.

"Haya, mfungulie. Huyo naye akikaa nje kupe watammaliza."

Clement akafungua mlango.

Dada, lala salama kwa Mungu.