Papa Athanase na Fungu la Mwenye Kukohoa

Kutoka Bweremana mpaka mwisho wa pori la Walikale, hakuna muntu anayejua kusikiliza kama mimi. Namsikia kuku anapofikiri kutaga, kabla yeye mwenyewe hajaamua. Njo maana Padri alinipa mimi, Jean-Bosco, kuandika wasifu huu, akamuacha Mwalimu Floribert na diploma yake. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa ine tu, lakini ule mwaka wa ine niliupenda, nikausoma mara mbili.

Basi tuanze vizuri. Papa Athanase anaacha kazi leo, siku ya Mungu, tarehe 29 Septemba 1957, baada ya miaka kumi na sita ya kutunza gramofoni ya misioni yetu hapa Masisi.

Aliingia kazi mwaka 1941, si kwa gramofoni, kwa kubeba mawe ya kanisa. Mwaka ule ule, siku moja, Padri alimuona anashuka kutoka kwao Kingi na kikapu cha mayai juu ya kichwa, mvua inapiga, njia yote ni matope, na hakuna yai lililopasuka. Kesho yake akampa disiki za Misa. Disiki za wakati ule ni kama sahani ya udongo: ukiiangalia vibaya imevunjika. Padri alitaka makanisa madogo ya mbali yasikie zile nyimbo za Misa, Kyrie na Sanctus, za kwaya kubwa za Ulaya. Papa Athanase akafunga gramofoni katika blanketi, disiki akazifunga katika suruali yake ya Misa, akaenda kwa miguu mpaka Walikale. Alifika na disiki zote na bila suruali ya kuvaa kanisani. Tangu siku ile mpaka leo hakuvunja hata disiki moja. Mushike neno hilo, nitalirudia.

Kwa kazi alikuwa mukali. Mutoto akitafuna mua wakati wa Sanctus, Papa aliinua sindano, akakunja mikono, akangoja mua uishe. Watu wa Kashuga wanakumbuka Misa moja iliyoanza asubuhi ikaisha wakati wa kurudisha mbuzi, kwa sababu mua ulikuwa mingi mwaka ule.

Lakini sifa yake kubwa ilitoka Walikale, kwa kilio cha muwindaji mumoja aliyefariki. Katika kijiji kile, mwenye kuimba kwa kilio lazima apewe fungu la nyama. Papa Athanase alipiga Kyrie, ikaisha, akaanza kufunga mizigo. Papa Raphaël, mukubwa wa kikanisa kile, akamukamata mukono. Akasema kwaya haijakula. Papa Athanase akaeleza kwamba waimbaji wako Ulaya. Papa Raphaël akajibu kwamba anajua vizuri wako Ulaya, yeye si mujinga, lakini wimbo umeimbwa hapa, na deni la wimbo linalala pale wimbo ulipoimbwa. Akauliza wako wangapi.

Hapo shida ikaanza. Mwalimu wa dini akasema sauti ni ine, njo kitabu kinavyosema. Wazee wakacheka. Sauti ine, na kelele yote hii? Wakakaa chini na punje za mahindi, Kyrie ikapigwa tena na tena, na kila aliyesikia muntu mupya aliweka punje. Walinyamaza kuliko kanisani. Wakamupata mama mumoja anayechelewa kuvuta pumzi, na baba mumoja anayeingia mbele ya wenzake kama muntu mwenye safari. Jioni punje zilikuwa makumi matatu. Ikabaki moja: karibu na mwisho, chini kabisa, kuna muntu anakohoa.

Mwalimu wa dini akakataa, kukohoa si kuimba. Papa Raphaël akamuuliza, "Ule mwenye kukohoa, alikuja kwa kilio ao hakukuja?"

"Alikuja."

"Basi apewe."

Na kwa desturi yao, fungu la asiyekuwepo analipokea aliyemuleta. Papa Athanase akajikuta amekaa mbele ya mafungu makumi matatu na moja ya nyama ya nungunungu na bugali. Alirudisha makumi matatu kwa mujane na watoto. La mwenye kukohoa akalila mwenyewe, kwa sababu, alisema, mugonjwa hakatai chakula.

Padri aliposikia alikasirika sana, akafunga mulango asikilize ile Kyrie peke yake. Akatoka akisema ni makumi mawili na tisa tu. Mpaka leo hajapatana na Walikale.

Musicheke sana. Kwa kusikiliza hivyo, vijiji vilijua zile sauti moja moja, na kila muntu akachukua yake akaiimba. Njo namna tulivyopata kwaya ya Kingi na ya Kashuga na za kule porini. Mama Dancille, anayeongoza kwaya yetu leo, alichukua yule mama wa kuchelewa pumzi, na mpaka sasa anachelewa vizuri kabisa.

Nyumbani Papa aliijaribu sindano kwa Kyrie ile kila siku ya Mungu baada ya chakula. Muke wake, Mama Généreuse, alikaa mulangoni anachambua maharage. Kikohozi kikifika, aliinua kichwa: "Athanase, ule muntu hajapona tu?" Naye alijibu, "Bado, Mama." Miaka yote, neno lile lile, na wote wawili wanacheka kama ni mara ya kwanza.

Mama Généreuse alituacha mwaka 1953. Papa anaendelea kupiga Kyrie ile kila siku ya Mungu. Sisi majirani tunasikia kupitia ukuta. Kikohozi kinapita, halafu sauti yake peke yake: "Bado, Mama."

Sasa misioni imepata mashine ya umeme ya kupiga disiki. Padri alimuuliza Papa anataka zawadi gani ya kupumzika nayo, kiti, blanketi ao mbuzi. Alikataa vyote. Aliomba gramofoni ya zamani na disiki ile moja. Padri alikubali, akaniambia niichukue niitayarishe.

Papa Athanase, tunakushukuru kwa miguu yako, kwa ukali wako juu ya mua, na kwa kutufundisha kufunga kinywa ili tusikie. Rudi Kingi kwa amani, maharage yako yazae, magoti yako yasikusumbue, na miaka iliyobaki iwe mirefu na mizuri.

Kuna neno moja limebaki. Siku ya ine ya juma lililopita niliona disiki yako imefifia, nikataka iangaze kama zawadi ya mukubwa. Nikaipakaa mawese. Nikaianika kwa jua ikauke. Jua likaikunja, ikawa bakuli, unaweza kutia mboga ndani. Nikaiweka chini ya ubao, nikaikalia ili inyooke. Kwa masikio haya ninayojisifu nilisikia vizuri sana ilivyolia ikivunjika. Wewe miaka kumi na sita, hata moja. Mimi mchana mumoja.

Nimezunguka vijiji kuomba. Watakuja wote, hata wa Papa Raphaël wako njiani tangu juzi, na leo mbele yako wataimba ile Kyrie, kila muntu na sauti yake aliyoihesabu. Itakuwa ile ile, Papa. Mama Dancille atachelewa pumzi pale pale.

Lakini kikohozi hakuna aliyekichukua. Utakachosikia leo ni changu. Nimejizoeza siku mbili nyuma ya jiko, na mimi mwenye masikio kupita wote nakubali: kinasikika kama cha muntu aliyekwisha kupona.