Kapteni Shauki na Ombi la Tatu

Tarehe 30 Mei, Kapteni Shauki Minshawi, kiungo wetu mwenye jezi namba nane, anastaafu baada ya kuichezea Klabu ya Nyota ya Mfereji, hapa Ismailia, kwa miaka kumi na tisa. Mimi Bayumi, mtunza jezi, ndiye niliyeagizwa kuandika wasifu wake. Nakiri mapema kwamba nimechanganyikiwa.

Kwanza, umaarufu wake siuelewi. Miaka yote hiyo amefunga mabao sita, mawili langoni kwetu. Hata hivyo picha yake imetundikwa mikahawani mji mzima, na mwaka tulioshuka daraja ndio waliozaliwa watoto wengi wa kuitwa Shauki kuliko mwaka wowote.

Katika nusu fainali ya kombe alimwendea kipa wa wapinzani, akamwomba radhi kabisa, ndipo akapiga penalti. Mpira ukapaa juu ya jukwaa. Tukatolewa, na mashabiki wa pande zote mbili wakambeba mabegani. Nililia sana siku ile, na mpaka leo sijui nililia nini.

La pili ndilo linalonisumbua zaidi. Kwa miaka minne, kwenye chakula cha kufunga msimu, Shauki husimama na kusema, "Jamani, nimechoka, niacheni nikapumzike." Sisi tunajua adabu yake. Hata chai ya jirani mtu huikataa mara mbili, akisihiwa ya tatu ndipo anakunywa. Marehemu mwenyekiti wetu alikuwa akimsihi mara tatu, Shauki anaketi, anaomba aongezwe wali.

Mwaka huu mwenyekiti ni Bwana Raafat, aliyelelewa Kanada. Shauki alisema maneno yake yaleyale. Bwana Raafat akapiga makofi: "Uamuzi wa busara, Kapteni! Tutakuagizia keki!"

Tukaduwaa, vijiko mkononi. Shauki akatabasamu, akasema, "Mungu akuzidishie heri," akaketi. Wali hakuugusa tena.

Juzi nikikunja jezi nilimuuliza, "Kapteni, kweli unataka kwenda?"

"Wewe unaonaje, ami Bayumi?" akanijibu. Nikazidi kupotea.

Kapteni, asante kwa pasi zilizowatuliza mabeki walioingiwa na kiwewe, na kwa kunibebea gunia la jezi kila safari, wewe nahodha mzima. Siku ile ya chakula hakuna aliyekusihi, nami nilinyamaza kwa woga. Bwana Raafat atanisamehe, nakusihi hapa mbele ya wote watakaousoma wasifu huu.

Baki. Najua utasema hapana.

Baki, nakuapia kwa Mungu. Utasema hapana tena.

Hili ni la tatu, Kapteni: baki. Ukikataa sasa nitakuamini, na sote tutakuombea pumziko jema na magoti yasiyouma. Lakini jezi namba nane nimeifua, iko kwenye msumari wake. Mazoezi ni Jumamosi, na keki tutaila vyovyote.