Friji ya Bi Wadha

Benchi la nje ya nyumba ya Harub, nyuma ya soko la Ibra huko Omani, lina sheria moja isiyoandikwa: kikombe cha kwanza cha kahawa ni cha salamu, cha pili ni cha kutoa rai, ujue usijue. Wa kusema "mimi sijui" hajapata kulikalia benchi lile. Alasiri hiyo katikati alikaa Sleyum, mstaafu wa bohari, ambaye wenziwe walimpachika jina la Injinia kwa kuwa aliwahi kutengeneza pasi ikawaka. Kompyuta mapajani, na kwenye kompyuta kaunganisha kwa waya kibao cha kielektroniki, ukubwa wake tende mbili. Mwezi uliopita mamake, Bi Wadha, anayeishi peke yake milimani Dima wa Tayyin na hataki kusikia habari ya kuhama, alianguka jikoni asubuhi akalala sakafuni mpaka adhuhuri bila mtu kujua. Tangu siku hiyo Sleyum hapati usingizi. Ndipo akaunda kidude cha kubandika kwenye friji ya mama: kila mlango ukifunguliwa, simu ya Sleyum ilie mlio mmoja, ikifika saa tatu asubuhi haujafunguliwa, simu ipige kelele. Alitaka apande nacho mlimani siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi. Kilichobaki ni kukitia programu, na kompyuta ilikataa katakata kukiona kibao.

— Draiva ya kukitambulisha kibao umeitia? aliuliza Yaqoob. Huyu wanamwita Bujumbura, maana ndiko alikozaliwa, na hakuna mashine asiyoijua kwa mdomo.

— Mara tatu. Yanambia imefanikiwa. Nikitazama orodha ya vifaa, kibao hakimo.

— Umezima kompyuta ukawasha?

— Mara nne.

— Basi ni antivairasi. Iondoe! Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala.

— Wahenga walikuwa wanatuonya, yakhe.

— Sasa hapa panya si ndicho kibao chako? Mwache atawale!

Sleyum akaiondoa. Taa nyekundu ya kibao iliwaka vile vile, na kompyuta ikanyamaza vile vile. Akahamisha waya tundu la pili, la tatu, akarudi la kwanza. Jua lilikuwa limeshavuka ukuta wa jirani.

— Mie nshajua, alisema Yaqoob, kikombe cha tatu mkononi. Kibao cha Kichina, na kompyuta umeiweka Kiarabu. Watasalimiana vipi? Iweke Kiingereza, wakutane njiani.

Sleyum akaiweka Kiingereza. Akili yake ilimwambia huu ni upuuzi, lakini mtu aliyeshikwa na hofu ya mamake hachagui ushauri.

— Wallahi mnajisumbua, alisema Harub. Harub ni mwenye nyumba, na jina lake la kijiweni ni Jicho, kwa sababu kwake kila balaa asili yake ni husuda. — Kidude hiki ulimuonyesha nani?

— Nilitia picha kwenye grupu la ukoo.

— Watu wangapi mle?

— Mia mbili na kumi.

— Khalas! Umekwisha. Macho mia nne na ishirini, na wengine wana miwani! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu gani aliyenikataza?

— Ungeniuliza ningekukataza. Sasa dawa yake moja: tuifukize kompyuta. Dada! Turkiya! Tuletee chetezo cha udi!

Yaqoob alicheka mpaka akamwaga kahawa. Sleyum hakucheka. Alifunga macho akamwona mama yake kwenye vigae vile vya jikoni, akasema kwa sauti ndogo:

— Fukiza basi.

Akatoka Bi Turkiya, dada mkubwa wa Harub, mkononi kashika chetezo chake cha kuchaji, kimezimika na baridi kama jiwe.

— Shikamoo, dada, walisema wote.

— Marahaba. Hebu niambieni, nani kachukua waya wa chetezo changu?

Harub akaangalia ndani ya kikombe chake. Sleyum akauchomoa waya, akaupeleka puani. Ulinukia udi.

— Harub, waya huu umeutoa wapi?

— Ndani. Wako si umekatika? Umeniomba waya, nimekupa waya. Taa si yawaka?

— Itaachaje kuwaka, alisema Bi Turkiya, na kazi yake ni kulisha moto tu? Juzi binti yangu Lamees katia simu yake kwenye kompyuta kwa waya huo, atoe picha za harusi. Haikutoka hata moja. Waya huu mdomo wa kula unao, wa kusema hauna.

Sleyum alijipiga paji la uso. Alijua fika kwamba kuna waya zinazopitisha umeme peke yake, hazina nyuzi za kupitishia habari. Draiva haikuwa na kosa lolote. Yaqoob akakimbilia gari yake, akarudi na waya wa simu ya zamani. Wakautia. Kompyuta ikalia ting! na kibao kikajitokeza kwenye orodha, kitulivu, utadhani kilikuwepo siku zote.

— Alhamdulillah, alisema Sleyum. Alisikia mabega yake yanashuka, mabega yaliyopanda mwezi mzima.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Harub.

— Leo kaja mwenyeji, akapona mgeni, alisema Bi Turkiya, akanyang'anya waya wake.

Programu ikaingia. Wakajaribu kwenye friji ya Harub, simu ikalia. Sleyum akampigia mamake, wote wamsikie.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Nimeona kwenye grupu waniletea mlinzi wa friji. Na Jumatatu na Alhamisi, nnapofunga, asubuhi friji nifungulie nini?

Sleyum akamtazama Yaqoob. Yaqoob akamtazama Harub.

— Si kuna daku? alinong'ona Harub.

— Daku yangu tende na maji ya mtungi, alisema Bi Wadha.

Harub akainua dele amimine kahawa. Halikuwa na kitu.

— Basi kitie mlango wa msalani, alisema Bi Wadha. Nifunge nisifunge, udhu wa alfajiri siuachi.

— Kumbe umekubali, mama?

— Siku ile sakafuni nilikuwa nakuita weye, mwanangu. Ntakataa nini?

Sleyum akapanda mlimani kabla ya magharibi, akakibandika, akarudi Ibra. Alfajiri ya Alhamisi, adhana haijesha, simu kando ya mto wake ikalia mlio mmoja.

— Shikamoo, mama, alisema, ingawa hapakuwa na wa kumsikia, akaondoka kwenda kutia udhu.