Pini ya Tela

Katika basi la Handeni, Mwaija alikaa nyuma ya wanaume wawili waliokutana humo humo. Mzee Mhina, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa huko Vugiri, alikuwa anakwenda kuchagua lori la kuvuta tela la kijiji. "Nataka lenye honi kali," alisema.

"Mzee, ng'ombe hanunuliwi kwa sauti yake," akajibu Moreto, mfugaji. "Litashikana vipi na tela?"

Mhina akatoa chuma kinene kikapuni. "Pini yake hii. Nimeichomoa asubuhi, nitaijaribu kwenye kila lori."

Kumbe ana akili, Mwaija akajisemea.

"Na tela liko wapi?" Moreto akauliza.

"Mlimani, limejaa mahindi. Tumelifunga kwenye trekta bovu lisiteremke."

"Mmelifunga kwa kitu gani?"

Mhina akaitazama pini mapajani. Basi likasimama Handeni, kati yao watatu hakuna aliyeinuka.