Majina Ndani ya Vifuniko: Kumuaga Mama Penseli

Mama Penseli anastaafu Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na minne kwenye stoo ya kanda za redio yetu. Nimepewa mimi kumwandikia wasifu kwa sababu, shule nimeikimbia sawa, lakini kwa mdomo hapa kazini hakuna wa kunigusa. Leo mdomo wenyewe ni mzito. Mtaona kwa nini.

Alianza kama karani wa kupokea kanda. Lebo ya boksi ilikuwa na nafasi ya jina moja tu, la kiongozi wa bendi. Wengine, shauri yao. Yeye akachonga penseli, akawa anaandika upande wa ndani wa kifuniko: nani alipiga besi, dada yupi alitunga wimbo uliompa umaarufu shemeji yake. Humo ndimo alimwandika mfagizi wa studio aliyebuni mwangwi kwa kupitisha sauti kwenye bomba refu la maji. Mainjinia walimcheka, kisha pongezi wakazipokea wao.

Vituko vyake mnavijua. Penseli huitafuta meza nzima, kumbe imechomekwa kwenye nywele. Mkurugenzi naye amewahi kusimamishwa mlangoni mpaka wimbo uishe.

Mwaka jana alipokwenda likizo, mimi fundi mitambo, bingwa wa usafi kwa kujiteua, nikahamishia kanda mia sita kwenye maboksi mapya ya plastiki. Yale ya zamani yalikuwa yameota ukungu, nikayapakia kwenye gari la taka. Nikapiga picha, nikairusha kwenye kundi letu la simu, mkanisifu, nikawajibu kwamba akili ni nywele. Sikuwa nimefungua kifuniko hata kimoja.

Aliporudi alisimama kati ya rafu, akauliza, "Vifuniko viko wapi, mwanangu?"

Nikamwambia nimemwokoa na vumbi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alivuta kiti, akavaa hedifoni, akaanza na kanda ya kwanza. Mtu akikohoa kabla ya kuimba, anamjua. Mtu akichelewa kidogo kwenye ngoma, anamjua.

Kwa masikio tu amerudisha majina ya kanda mia mbili na kumi. Wiki iliyopita alifika kwenye kanda ya lile bomba. Mwangwi upo, mzuri ajabu. Jina la mfagizi halikuja. Alirudia mara tano, halafu akavua hedifoni. Jina lile aliliachia penseli, na penseli niliitupa mimi.

Nimemwomba niwe nampelekea mashine na kanda zilizobaki nyumbani kwake kila Jumamosi. Amekubali, kwa sharti kwamba ninyamaze.

Mama, asante kwa miaka yote, na samahani. Sote tunakuombea afya, usingizi mnono na chai isiyopoa. Jumamosi mlango ukigongwa, ni mimi. Penseli nitakuwa nimeshachonga.